Magari Matatu

Kila uchaguzi mimi ndiye hupigilia ubao:
plaiwudi moja, misumari ishirini na minne,
miraba yenye namba, imepigwa rula,
ili kila mgombea akae chumbani mwake.
Baba aliupigilia kabla yangu, pale pale,
kando ya duka la Yonezu
ambalo siku hizi halifunguliwi na mtu.

Mwaka huu barua ya ofisi imekuja na ramani.
Mstari uliopita juu ya mlima wa Kamagata
haukusogezwa. Umefutwa,
na mahali pake pamebaki weupe
kama ukutani palipong'olewa picha ya marehemu.
Mikoa miwili, kiti kimoja.
Sisi wa bonde la Iwamori tumefungwa kifurushi kimoja
na watu wa pwani, ambao tangu enzi za babu
hatukuwapa hata salamu ya bure.

Hesabu, wanasema. Watu wamekwisha.
Kura ya huku ilikuwa nzito kuliko tatu za mjini,
na mahakama imepima, imekuta mizani imepinda.
Sibishi. Mizani ni mizani.
Mjini lifti moja hushusha wapiga kura kumi;
mimi jana nimetembea saa nzima na nyundo yangu
nikakutana na nguruwe mwitu,
naye hajaandikishwa.

Bibi Kinuyo ana miaka themanini na minane.
Kwetu hakuna kutia tiki:
jina la unayemtaka unaliandika mwenyewe, kwa penseli.
Miaka sitini ameandika Nirasawa,
Nirasawa baba, Nirasawa mwana, Nirasawa mjukuu,
mkono umelizoea jina kama mchi ulivyozoea kinu.
Sasa mjukuu hayumo ubaoni.
Chama kimempa kiti mtu wa pwani;
yeye wamemtia kwenye orodha, namba ya tatu,
mahali ambapo hakuna anayehitaji kukuandika.
Ofisini kwake Daruma mwekundu ana jicho moja.
La pili hupakwa siku ya ushindi.
Nilipokwenda kudai fedha za misumari
nilikuta wamemfunika gazeti.

Mtu wa pwani alikuja Jumanne, glavu nyeupe,
kipaza sauti juu ya gari,
akayapungia mashamba ya mpunga yasiyo na mtu.
Anaitwa Todoroki.
Aliwasifu ngisi wetu. Aliahidi gati jipya.
Bahari iko saa tatu kutoka hapa.
Hirose peke yake alipiga makofi, naye ni kiziwi.

Kisha Bibi Kinuyo akamsogelea, akamshika mkono wa glavu:
"Bwana, jina lako linaandikwaje?"
Todoroki akapiga magoti kwenye kokoto,
akamchorea kwa kidole vumbini:
gari moja juu, magari mawili chini yake,
herufi moja tu, yenye kishindo cha magurudumu.
Bibi akaitazama kwa muda mrefu.
"Magari matatu," akasema.
"Na basi letu moja wamelikata tangu Aprili."

Todoroki alibaki pale chini, amepiga magoti,
glavu zina vumbi. Hakuahidi kitu.
Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza.

Jumapili niliketi kwenye meza ya mashahidi.
Kituo ni kimoja sasa, vitatu wamevifunga.
Bibi aliletwa na mpwawe, kwa trekta.
Karani akamwambia kwa upole: andika herufi za watoto, zinatosha.
"Kura yangu si ya mtoto," akajibu,
akaingia nyuma ya ubao wa kadibodi.

Todoroki ni mipigo ishirini na mmoja ya penseli.
Nirasawa ni kumi na tisa.
Kura ya Nirasawa leo ni karatasi iliyoharibika.
Sikupaswa kusikiliza, lakini chumba kilikuwa kimya,
na penseli ilikwaruza, ikatua, ikakwaruza.
Nilihesabu.
Nilifika kumi na nane,
birika juu ya jiko likaanza kulia.